Gari la Kwanza Lenye Turbo: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaonunua gari kwa mara ya kwanza, au walionunua karibuni, na zote zinahusu injini zenye turbo. Tumezifupisha bila kubadilisha maana.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeweka akiba kwa muda mrefu ili ninunue gari langu la kwanza, na nililolipenda lina injini ya petroli ya lita 1.2 yenye turbo. Kaka yangu ananikataza. Anasema injini ndogo ya namna hiyo hubebeshwa mzigo usio wake, na kwamba gari likishatembea kilomita 100,000 turbo hufa na injini huifuata. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize kaka yako kwa nusu. Ni kweli kwamba turbo ikifa vibaya inaweza kuiharibu injini, na ni kweli kwamba wapo watu wanaoliuza gari pale tu wanapoanza kusikia turbo inalia. Lakini si kweli kwamba turbo ina umri wake maalumu wa kufa. Waundaji huikusudia idumu sawa na injini iliyofungiwa, na inayokufa mapema karibu kila mara imeuawa na oili: iliyochakaa, iliyopungua, au isiyo ya aina inayotakiwa.

Ukiona jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi utaelewa kwa nini ninasisitiza oili kuliko kitu kingine chochote. Karibu theluthi moja ya nishati iliyomo katika mafuta tunayochoma hupotea pamoja na moshi wa ekzosi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hataza mwaka 1905 ya kuutumia moshi huo badala ya kuuacha uende bure. Turbo ina magurudumu mawili ya mapanga yaliyofungwa kwenye shafti moja fupi: moja husukumwa na moshi unaotoka kwenye silinda, na la pili, kwa kuwa limeshikamana na lile la kwanza, huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa kwa wakati mmoja, na hivyo injini ya lita 1.2 huvuta kama injini kubwa zaidi isiyo na turbo.

Sasa angalia mazingira ambamo shafti hiyo inaishi. Katika turbo ndogo za magari inaweza kufikia mizunguko 200,000 kwa dakika, ilhali injini yenyewe ni nadra kupita 6,000. Upande mmoja unapigwa na moshi ambao katika injini ya petroli iliyobanwa sana unaweza kuzidi nyuzi 900 za Selsiasi, na upande wa pili unapitisha hewa ya kawaida. Katika magari mengi shafti hiyo haikai juu ya beringi za gololi, bali inaelea katika utando mwembamba sana wa oili inayosukumwa kutoka kwenye injini kupitia bomba jembamba. Utando huo ukikatika kwa sekunde chache tu, chuma hugusana na chuma. Oili ikiwa na masizi au vumbi la chuma, hukwaruza. Oili ikiungua na kuganda ndani ya bomba, mtiririko hupungua siku hadi siku, na dereva haoni dalili yoyote hadi siku turbo inapoanza kupiga kelele.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama turbo ni nzuri au mbaya, bali ni kama utaweza kuilisha. Magari ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo yalitoka Marekani mwaka 1962, na mojawapo, Oldsmobile Jetfire, lilihitaji tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, ambalo mwenye gari alitakiwa kulijaza mara kwa mara ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda. Wenye magari wengi waliliacha likauka, gari likajipunguzia nguvu ili kujilinda, na mwishowe mengi kati ya magari hayo yaliondolewa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida. Magari ya leo hayana tangi hilo, lakini bado yanamtaka mwenyewe awe na desturi ambayo injini isiyo na turbo ingemsamehe akiikosa.

Kama safari zako nyingi ni za kilomita mbili tatu, injini haipati moto vizuri na inazimwa tena, au kama unajua kwamba ukibanwa kifedha sevisi ndiyo kitu cha kwanza utakachoahirisha, nakushauri kwa dhati utafute injini isiyo na turbo. Kama unasafiri masafa ya kutosha, unapanda milima, au unaishi mahali palipoinuka, turbo itakufaa. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake, na yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mwishoni mwa wiki ninakwenda kuangalia gari lililotumika lenye turbo, na mwenyewe anasema halijawahi kusumbua. Mimi si fundi. Nitazame nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza omba kumbukumbu za sevisi kabla hata hujaliona gari, na uzisome ukitafuta kitu kimoja, yaani ni kilomita ngapi zilipita kati ya kumwaga oili na kumwaga tena, na oili iliyowekwa ilikuwa ya daraja gani. Gari lililotembea kilomita 160,000 likiwa na risiti za oili zilizofuatana bila pengo ninaliamini kuliko la kilomita 70,000 ambalo mwenyewe anasema tu kwamba lilikuwa likitunzwa. Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, ilhali rundo la risiti za miaka mitano ni vigumu zaidi kulibuni.

Pili, mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha uguse boneti na injini. Ukikuta vimepata moto, uliza kwa nini, kwa sababu injini yenye moto huficha mambo mengi. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kujazia oili na utazame kwa ndani. Rangi ya kahawia iliyokolea si tatizo. Utando mzito mweusi kama lami ni habari mbaya, kwa kuwa unakuonyesha kile ambacho kimekuwa kikipita kwenye lile bomba jembamba la turbo. Ute mweupe unaweza kuwa unyevu tu wa safari fupi, au unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye oili, na hilo lazima fundi alithibitishe. Vuta kijiti cha kupimia: kiwango kikiwa chini ya alama ya chini, mwenyewe ameshakujibu swali la matunzo. Kikiwa juu ya alama ya juu, nusa, maana huenda petroli au dizeli imeshuka ndani ya oili na kuipunguzia uzito.

Washa sasa, na usikilize sekunde za mwanzo. Mlio wa kukwaruza kama mnyororo uliolegea, ukidumu zaidi ya muda mfupi, huashiria uchovu wa mnyororo wa taiming, yaani ule unaopanga wakati wa vali kufunguka na kufunga, ugonjwa ambao huzipata injini ndogo za turbo zilizocheleweshewa oili. Acha injini ingurume polepole kwa dakika kadhaa hadi ipate moto, kisha mtu akanyage mafuta taratibu huku wewe umesimama nyuma ya gari. Wingu la bluu lina maana kwamba oili inaungua. Inaweza kuwa inavuja kwenye turbo, inaweza kuwa inapita kwenye mipira ya vali au ringi za pistoni, na kwa mnunuzi yote ni sababu ya kusita.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa fundi wako akifanye mbele ya macho yako, kama muuzaji ataruhusu, nacho hakihitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, unafunguliwa mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, na hapo ncha ya shafti inaonekana katikati ya mapanga. Ishikwe kwa vidole viwili. Ikitikiswa kushoto na kulia itacheza kidogo sana, na mchezo huo ni wa kawaida kwa sababu shafti inaelea katika oili, ambayo wakati huo haina msukumo. Ikivutwa na kusukumwa kwa urefu wake haitakiwi kucheza kwa kiasi kinachohisika. Kisha izungushwe. Iende laini, na mapanga yasiguse ukuta wa nyumba yake popote. Mapanga yaliyopinda au kumeguka kwenye ncha yanaonyesha kwamba kitu kiliingia, pengine kwa sababu gari liliendeshwa bila filta ya hewa. Unyevu kidogo wa oili ndani ya mpira usikutishe, lakini oili iliyotuama ni jambo jingine.

Barabarani, injini ikiwa na moto, weka gia ya tatu mwendo ukiwa mdogo, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu mahali palipo salama. Nguvu inatakiwa ije kwa mfululizo bila kukatika. Filimbi nyembamba ni ya kawaida kwa turbo nyingi, bali mlio wa king'ora unaopanda kila unapokanyaga, au sauti ya hewa inayovuja, vinataka maelezo. Umalizie kwa kuunganisha mashine ya kusoma hitilafu, na uwe macho kama kumbukumbu za kompyuta zimefutwa muda mfupi kabla hujafika.

SWALI: Kitabu cha gari langu la petroli kinasema nibadilishe oili kila kilomita 15,000. Fundi anasema 5,000, na kwamba oili yoyote nzito inafaa kwa injini ya turbo. Nimfuate nani?

JIBU: Kuhusu kilomita, fundi wako yuko karibu zaidi na ukweli, lakini kuhusu aina ya oili usimsikilize. Umbali mrefu ulioandikwa kitabuni ni wa gari linalosafiri safari ndefu, katika hewa safi, likitumia mafuta mazuri. Soma kurasa zinazofuata na mara nyingi utakuta maelezo ya matumizi magumu: foleni, vumbi, joto, safari fupi, kuvuta tela. Madereva wengi tumo katika kundi hilo bila kujijua. Mimi hupendekeza kilomita 7,000 hadi 8,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia, na 5,000 kwa gari la foleni na vumbi. Filta ya oili ibadilishwe kila mara oili inapobadilishwa, bila kubahatisha.

Aina ya oili haina mjadala. Inunuliwe ile yenye uzito na daraja vilivyoandikwa kitabuni, na kwa injini nyingi za turbo za sasa hiyo ni oili ya sinthetiki. Oili nzito kuliko inayotakiwa huchelewa kufika kwenye turbo asubuhi injini ikiwa baridi. Zaidi ya hapo, injini ndogo za turbo zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina tatizo lao: zikibebeshwa mzigo mkubwa katika mizunguko midogo, mchanganyiko wa mafuta na hewa unaweza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche, na kishindo chake kinaweza kuvunja pistoni. Viambato vya oili vinachangia tatizo hilo, na ndiyo sababu daraja la API SN Plus (API ni taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya oili) lilianzishwa mwaka 2018 na API SP likafuata mwaka 2020, yote yakiwa na majaribio ya kuzuia jambo hili. Kwa injini ya aina hiyo, API SP kwenye lebo ni kitu cha kutafutwa kwa makusudi. Wewe kama dereva una mchango wako pia: usipande mlima na gia kubwa huku injini ikisota kwenye mizunguko 1,300. Punguza gia, iache izunguke.

Injini hizohizo zina jambo jingine ambalo wanunuzi hawaambiwi. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, haizioshi, na ukoko mweusi hujijenga juu yake kwa miaka. Injini inapoanza kutetema ikiwa baridi na kukosa nguvu, ilhali plagi na koili ni nzima, fundi azichungulie vali hizo. Husafishwa bila kufungua injini yote.

Baadhi ya injini ndogo za turbo pia zina mkanda wa taiming unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi huulainisha mpira wa mkanda, vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili, na turbo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukauka. Kabla hujanunua, uliza injini unayoitaka ina mnyororo au mkanda, na kama ni mkanda, unapita wapi na ulibadilishwa lini.

SWALI: Je, ni lazima niiache injini ingurume dakika tano kabla ya kuizima?

JIBU: Dakika tano ni nyingi mno. Kama kilomita ya mwisho umeiendesha polepole, zima tu, kwa sababu turbo imeshapoa ukiwa njiani. Kama umetoka kwenye mwendo wa kasi au mlima mrefu na umesimama ghafla, ipe nusu dakika hadi dakika moja, oili izunguke na kuondoa joto kabla haijasimama na kuungulia ndani. Magari mengi ya sasa yana maji yanayopoza turbo, na mengine yana pampu ya umeme inayoendelea kuyazungusha baada ya kuzima, kwa hiyo ukisikia mvumo chini ya boneti ukiwa umeshatoa ufunguo usishtuke. Ninachokuomba ukizingatie zaidi ni mwanzo wa safari: usikanyage mafuta kwa nguvu wakati injini ni baridi. Kidogo kidogo kwa dakika kadhaa za kwanza.

SWALI: Rafiki ananishawishi nibadilishe programu ya kompyuta ya injini ili gari langu liongeze nguvu. Anasema kwa magari ya turbo ni kazi ya saa moja tu.

JIBU: Ni kweli kazi hiyo haichukui muda mrefu, na ni kweli nguvu huongezeka, kwa sababu turbo huamriwa kushindilia hewa zaidi. Lakini pistoni, klachi, gia na mfumo wa kupoza hubaki vilevile. Hili ni gari lako la kwanza na ndilo tegemeo lako, kwa hiyo liache kama lilivyoundwa. Na ukiwa unanunua lililotumika, uliza waziwazi kama liliwahi kufanyiwa jambo hilo, na ukiambiwa ndiyo, tafuta lingine.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina gari la dizeli lenye turbo nililolinunua karibuni. Limeanza kutoa moshi mweusi, limepoteza nguvu mlimani, na wakati mwingine taa ya injini inawaka na gari linakataa kupita mwendo mdogo, lakini nikilizima na kuliwasha tena linarudi. Fundi anasema turbo imekufa. Aliyeniuzia naye ananiambia turbo hiyo ilibadilishwa mwaka jana tu. Nifanye nini kabla sijanunua nyingine?

JIBU: Ndugu yangu, pole, na ushikilie fedha zako kwanza. Turbo iliyokufa kweli haifufuki kwa kuzima na kuwasha. Dalili unazozieleza mara nyingi zina sababu ndogo kuliko hiyo. Moshi mweusi wa dizeli maana yake hewa haitoshi kwa mafuta yanayopulizwa, kwa hiyo fundi aanze kwa kuifuata njia ya hewa yote kwa mkono: filta ya hewa, mipira ya kwenda na kutoka kwenye intakula (kifaa kinachopoza hewa iliyoshindiliwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini), klipu zake, na intakula yenyewe. Mpasuko mdogo upande wa chini wa mpira, usioonekana kwa juu, hufunguka injini inapobeba mzigo na kujifunga inapotulia, na ukungu wa oili kuzunguka mahali hapo ndio humwonyesha fundi pa kutazama.

Kama njia ya hewa ni nzima, mtuhumiwa anayefuata ni mabawa madogo yanayojigeuza ndani ya turbo za dizeli ili kuongoza moshi. Masizi huyakwamisha. Hapo msukumo huzidi au kupungua kuliko kompyuta inavyotaka, na kompyuta huliweka gari katika hali ya kujilinda, ambayo huondoka ukiwasha upya. Mara nyingi mabawa hayo yanaweza kusafishwa. Aangalie pia mipira ya vakyumu au mota inayoyageuza, vali ya kurudisha moshi, na chujio la masizi la ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la takriban nyuzi 600, nalo halifikii joto hilo kwa safari za mjini tu, hivyo linahitaji mara kwa mara mwendo wa mfululizo wa dakika 20 au zaidi kwenye barabara iliyo wazi. Likiziba, moshi unakosa pa kutokea na turbo inalemewa. Gari lenye chujio hilo linahitaji pia oili yenye majivu kidogo, ambayo kitabu kimeitaja.

Kauli ya muuzaji kwamba turbo ilibadilishwa mwaka jana hainitulizi hata kidogo, ila inanifanya niulize ya kwanza ilikufa kwa nini. Turbo mpya ikifungwa bila kuondoa kilichoiua ya kwanza, itaifuata. Kwa hiyo ikithibitika kwamba ni lazima ibadilishwe, kubaliana na fundi kabla ya kazi kuanza: bomba la kuleta oili kwenye turbo libadilishwe, lisisafishwe tu kwa kupulizwa; oili na filta viwe vipya; chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, likaguliwe; bomba la kurudisha oili na njia ya kupumulia injini visiwe vimeziba, kwa sababu vikiziba oili hukosa pa kwenda na kusukumwa nje kupitia turbo ambayo ni nzima kabisa; intakula imwagwe oili yote iliyobaki na vipande vya chuma; na nyumba ya shafti ijazwe oili safi kwa mkono kabla injini haijawashwa.

Jambo la intakula ni la usalama pia. Dizeli inaweza kuungua kwa oili yake yenyewe kama ingeungua kwa mafuta ya tangi, na turbo iliyovunjika ikimwaga oili upande wa hewa, injini inaweza kupanda mizunguko bila kukanyagwa na isizimike hata ukitoa ufunguo. Ikikutokea ukiwa na gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, na uachie klachi ili injini inyongwe. Ikiwa ni gia za kujiendesha, toka garini, wasogeze watu mbali, na usiinamie injini.